Bahasha na Mizani

Niliwahi kulipwa shilingi 8,000 kuandika kwamba watu wa dini mbalimbali wa Thika na Ruiru wamepatana.

Ilikuwa kazi ya siku mbili kwenye ukumbi wa hoteli moja mjini Thika: chai na mandazi saa nne, chakula cha kujipakulia saa saba, maji ya chupa mbele ya kila mtu. Walikuwepo wachungaji, maimamu wawili, mzee mmoja Mhindu aliyesinzia kwa heshima zake, akina mama wa chama na vijana wa bodaboda. Mimi nilikaa nyuma na laptopu, nikiandika yanayosemwa. Jioni ya siku ya pili watu walipanga foleni, wakatia sahihi, wakapokea bahasha ya nauli pamoja na cheti. Hata mimi nilipewa cheti, na sikuwa mshiriki. Chuo kikuu nilikiacha mwaka wa tatu bila karatasi yoyote, lakini ukifungua droo yangu utapata vyeti vitatu vya upatanishi.

Katika ripoti niliandika kwamba uhusiano umeimarika. Ndivyo ripoti huandikwa. Aliyelipia ukumbi anataka kusikia kuna kitu kimeimarika, na mimi nilitaka kodi ya nyumba.

Kisa changu kikuu, kile kilichowekwa ndani ya sanduku la buluu ukurasa wa nne, kilihusu watu wawili ninaowajua vizuri kwa sababu naishi kati yao. Ploti yetu iko Ruiru: milango kumi na miwili inayotazamana, tangi moja la maji, mita moja. Ng'ambo ya ukuta kuna kanisa la mabati lenye bendera ya Israeli kando ya mimbari. Si jambo geni. Makanisa mengi ya huku yanayo, na hata kwenye vioo vya matatu za Thika Road utaiona. Hamas iliposhambulia Israeli tarehe 7 Oktoba 2023, na vita vya Gaza vikafuata, kesha za Ijumaa zikageuka kuwa maombi ya vita. Saa nane za usiku mchungaji anaiombea Israeli ushindi kwa spika, na spika imeelekezwa kwetu. Mlango namba nne anakaa mama Mwislamu anayeuza viazi karai pale steji. Mchana kutwa simu yake inamwonyesha watoto wanaotolewa kwenye vifusi, halafu usiku anasikia watu wakishangilia. Ijumaa moja kijana wake alipanda ukuta akakata waya wa spika. Kesho yake nusura watu waumizane.

Kwa hivyo waandaaji walipotafuta watu wenye tofauti halisi, mimi ndiye niliyewapa nambari za simu za mchungaji na za yule mama. Walikuja wote wawili. Wakashikana mikono mbele ya kamera. Nikaandika: wamesameheana. Wiki tatu baadaye spika ilirudi, kubwa kuliko ile ya kwanza. Ripoti nayo ikatoka, imechapishwa vizuri, na picha yake ndani. Mama akaja mlangoni kwangu akiwa ameishika.

"Mwanangu, hapa umeandika nimesamehe."

"Ndiyo, mama."

"Ulinisikia nikisema?"

Sikuwa nimemsikia. Nilikuwa nimeona mkono tu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama amani ya watu waliolipwa kukaa pamoja inaweza kuitwa amani. Nikiwa mwaka wa pili tulisomeshwa Immanuel Kant, na kitu kimoja nilichobaki nacho ni mfano wake wa muuza duka. Huyu hawapunji wateja wake, hata mtoto akitumwa dukani anapimiwa sawa na mtu mzima. Lakini anafanya hivyo kwa kuogopa kuharibu biashara. Kant anasema tendo hilo linalingana na wajibu lakini halina thamani ya kimaadili, kwa kuwa halikutoka kwenye wajibu wenyewe. Ukimfuata Kant, ukumbi ule wa Thika ulijaa wauza duka. Nilipoanza kuandika makala hii nilidhani ndipo ningefika: kwamba pesa ndiyo iliyoharibu kila kitu. Kilichonizuia ni picha moja ya wakulima wa kahawa.

Mwezeshaji aliibandika ukutani siku ya pili, kabla ya chai. Wanaume watatu wamesimama kati ya mibuni, mmoja Mkristo, mmoja Mwislamu, na wa tatu, akasema, ni Myahudi. Wa Uganda. Ukumbi mzima ukacheka. Mtu akauliza kama ni Myahudi wa kweli ama ni wa kuokoka. Mzee Mhindu akaamka. Na hapo ndipo lilinijia jambo lililopaswa kunijia mapema: miezi yote hiyo tuligombana juu ya Wayahudi kupitia ukuta wa ploti, na hakuna hata mmoja wetu, wa upande wowote, aliyewahi kukaa na Myahudi akanywa naye chai. Wa kanisani anamjua wa kwenye Biblia. Mama wa mlango wa nne anamjua wa kwenye habari. Ilhali jumuiya ya Wayahudi ya Nairobi imekuwepo tangu 1904, na sinagogi lao liko hapo University Way, mwendo mfupi tu kutoka zinakoshukisha matatu zetu.

Wale wa kwenye picha huitwa Abayudaya, na wanaishi kandokando ya Mbale, mashariki mwa Uganda, chini ya Mlima Elgon. Walianza mwaka 1919, wakati Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewahi kuwatumikia Waingereza na kukosana nao, alipoisoma Biblia kwa njia yake, akajitahiri yeye na wanawe, akatangaza kwamba wao ni Wayahudi. Idi Amin alipotawala aliipiga marufuku dini hiyo. Wengi wakasilimu au wakabatizwa, na waliobaki wakawa mamia machache wanaosali kwa kujificha. Kwa maneno mengine, watu wa Mbale wana sababu zote za kuwekeana kinyongo. Jirani aliyekuona ukifungiwa nyumba ya ibada na akanyamaza bado ni jirani yako.

Mmoja wa Abayudaya, mkulima na mwanamuziki anayeitwa JJ Keki, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001. Alikuwa amekwenda kuyatembelea yale majengo mawili, akayaona yakishambuliwa. Aliporudi nyumbani alikuwa na wazo la kufanya kitu pamoja na majirani wa dini nyingine. Mtu mwingine angeitisha mkutano wa maombi. Keki alikwenda nyumba kwa nyumba akiwauliza watu juu ya kahawa yao. Mwaka 2004 wakaanzisha chama cha ushirika, wakakiita Mirembe Kawomera, Kiganda cha amani tamu, amani yenye ladha. (Sisi tuna Kahawa Wendani hapa njiani, na wendani kwa Kikuyu ni upendo. Kahawa yenyewe iling'olewa zamani, tukabaki na majina ya steji.) Laura Wetzler, mwanamuziki wa Marekani aliyefanya kazi na shirika la Kiyahudi la Kulanu, alipiga simu kampuni baada ya kampuni hadi Thanksgiving Coffee ya California ikakubali kununua. Wanachama wakapita elfu moja. Mwaka 2013 hata nyimbo zao wakulima, za kusifu ushirika na bei nzuri, zilitolewa kama albamu na Smithsonian Folkways.

Sasa tazama kilichowaleta pamoja. Kontena moja la futi ishirini hubeba takriban magunia 300 ya kahawa safi ya kilo 60. Mkulima mdogo mwenye mibuni mia mbili au tatu atapata magunia ya kuhesabu kwa vidole. Piga hesabu mwenyewe: jumuiya ndogo kama Abayudaya haijazi kontena peke yake, na asiyejaza kontena anamuuzia dalali anayekuja na mizani yake na bei yake. Myahudi alimhitaji Mwislamu ili afike bandarini. Tena kahawa haisamehe. Matunda yanachambuliwa kwanza, mekundu kando, mabichi kando, yenye ugonjwa kando. Yanakobolewa siku ileile. Yanachachushwa kwa saa zake. Ukimwaga gunia lililooza ndani ya lundo safi, muonjaji wa upande wa pili wa dunia atalisikia kwenye kikombe, na lundo zima litashuka bei. Uzembe wa Mkristo mmoja unaingia moja kwa moja kwenye karo ya mtoto wa Kiislamu.

Kant angewaita wauza duka. Na mimi, nikiwa na bahasha yangu mfukoni, nilitaka kujua kwa nini muuza duka wa Mbale ananivutia kuliko wa Thika. Nadhani tofauti ni hii: bahasha inakulipa kwa kuja, na bei inakulipa kwa ulichokileta. Mwenye bahasha akitoka ukumbini hamhitaji tena aliyekaa kando yake. Kesho atapokea nyingine hata kama jirani huyo amehama. Mwenye gunia anamhitaji jirani msimu huu na ujao, na anahitaji jirani huyo awe mzuri katika kazi yake. Anamtakia ujuzi. Ni ajabu, ukifikiria: kumtakia mtu wa dini nyingine awe mkulima bora, kwa faida yako mwenyewe. Sijui kama hiyo ni fadhila, lakini najua ukumbini mle sikuona mtu akimtakia mwenzake lolote.

Kuna anayeweza kunishika hapo. Atasema mnunuzi wa California hanunui kahawa tu, ananunua kisa. Pakiti inauzwa ikiwa na hadithi ya dini tatu, kwa hivyo nao wanalipwa kwa kupatana, kama nyinyi wa Thika. Ni kweli kwa sehemu. Kisa kizuri kinafungua mlango. Lakini kahawa mbaya yenye kisa kizuri inanunuliwa mara moja, halafu basi. Ripoti yangu haikuonjwa na mtu.

Nilimsimulia shosho yangu haya yote nikidhani yatamfurahisha, kwa sababu ujana wake wote alichuma kahawa kwenye shamba kubwa moja kati ya Ruiru na Thika. Alinisikiliza, akatema ganda la njugu, akasema kufanya kazi pamoja hakujawahi kumfundisha mtu kupendana. Mibuni ile waliichuma Wakatoliki, Waakorino, watu wasio na kanisa, na familia moja ya Waislamu kutoka Majengo ya Thika. Walilipwa kwa debe. Debe lilipaswa kujaa; nyapara alitaka lifurike. Ila wale waliosali naye Jumapili, debe lao likijaa lilihesabiwa limejaa. Wengine waliambiwa ongeza. "Tulichungana," shosho alisema. "Kila mtu aliangalia debe la mwenzake kuliko la kwake."

Hapo nikaona nimekuwa mvivu wa kufikiri. Kazi ya pamoja ilikuwepo, jasho la pamoja lilikuwepo, na dini zikazidi kutengana palepale kwenye kupimiwa. Kilichokosekana ni mizani ambayo mchumaji angeweza kuisoma na kuibishia. Ushirika ukiwa ushirika kweli, mwanachama anapimiwa akiona, anapewa risiti, anaweza kudai kuona vitabu, na anapiga kura. Chini ya utaratibu wa Fairtrade, hata ile nyongeza inayolipwa juu ya bei inaamuliwa na mkutano wa wanachama itatumika wapi. Hapo mtu wa dini nyingine anaacha kuwa mtu unayemvumilia, anakuwa mtu anayeweza kukukagua. Watu wengi wa amani ninaowaandikia ripoti hawapendi neno ukaguzi. Linanuka shaka. Lakini mimi naona mtu anayekubali hesabu zake zisomwe na jirani wa msikitini amefanya jambo zito kuliko kumkumbatia.

Ndiyo maana nina neno na mafunzo tunayopewa. Mashirika ya dini mbalimbali, ya Kiyahudi, ya Kikristo, ya Kiislamu, yote yanapenda kusema wafanyakazi wao wanahitaji kujengewa uwezo. Sawa. Uwezo wa kufanya nini? Katika vyeti vyangu vitatu nimefundishwa kusikiliza kwa makini mara tatu, na sijafundishwa hata mara moja kusoma daftari la mapato. Nabugoye, kule Mbale, mafunzo yalichukua njia nyingine. Gershom Sizomu alisoma Los Angeles miaka mitano, akawa rabi mwaka 2008, na kurudi kwake hakukuwa kwa mimbari tu. Abayudaya wana shule ambazo watoto wa Kikristo na wa Kiislamu wanasoma, na kituo cha afya kinachotibu yeyote. Mwaka 2016 rabi huyo akachaguliwa mbunge wa Bungokho North, jimbo ambalo Wayahudi ni wachache mno kumchagua mtu peke yao. Wengi wa waliompigia kura hawasali anakosali. Labda walimpima kwa mizani nyingine.

Hata sisi tuliwahi kuona kitu kama hicho, kwa muda mfupi. Mwaka 2020 serikali iliunda baraza la viongozi wa dini wakati wa korona, chini ya Askofu Mkuu Anthony Muheria. Hawakuitwa wakubaliane juu ya Mungu. Waliitwa waamue watu wangapi waingie, wakae kwa muda gani, na wakaja na watu mia moja na saa moja, msikiti sawa na kanisa sawa na hekalu. Watu walinung'unika sana, lakini sikumbuki nikisikia mtu wa mtaani kwetu akisema dini fulani imependelewa.

Sitaki kuifanya Mbale kuwa peponi. Abayudaya wenyewe wamegawanyika: walio wengi walifuata njia ya Wayahudi wa Kikonsavativu, huku jumuiya ya kijiji cha Putti ikichagua njia ya Kiothodoksi. Wanaweza kuuza kahawa na Mwislamu na bado wasikubaliane wao kwa wao nani ni Myahudi kamili. Hilo halinishangazi hata kidogo. Mchungaji wetu wa kanisa la mabati anasalimiana na imamu vizuri kabisa. Asiyemsalimia ni mchungaji mwenzake, aliyetoka na nusu ya washirika akafungua kanisa barabara ya pili. Na bei ya kahawa ikianguka, kama inavyoanguka, je? Mtu aliyeungana nawe kwa bei ana haki ya kuondoka kwa bei. Swali hilo nimelizungusha sana na sijapata jibu linalonitosha. Ninachoweza kusema ni kwamba watu waliozoea kukaguana huwa na mahali pa kukutana hata bei ikiwa mbaya, kwa sababu hasara nayo lazima igawanywe na mtu aihesabu.

Ploti yetu haina kahawa, ingawa imesimama palipokuwa na kahawa. Ina maji. Mwezi wa sita tulikatiwa. Kumbe aliyekuwa akikusanya pesa za maji alikuwa akizila. Tulikaa bila maji siku sita, na siku ya saba milango yote kumi na miwili ikatoka nje, ikachagua wawili wa kushika daftari: mama wa mlango wa nne, na shemasi wa lile kanisa, anayeishi mlango wa tisa. Hawakuchaguliwa kwa sababu wanapendana. Walichaguliwa kwa sababu hakuna mmoja wao angemfichia mwenzake. Kila Jumapili jioni wanainama pamoja juu ya mita, mmoja anasoma tarakimu kwa sauti, mwingine anaandika, halafu wanabadilishana ili kuhakikisha. Kanisa pia huvuta maji kwetu kwa mpira unaopita juu ya ukuta, hivyo mchungaji hulipa kama sisi wengine. Risiti yake huandikwa na mama. Nimewaona wakibishana juu ya shilingi arobaini kwa nusu saa nzima, hakuna aliyetaja Israeli wala Gaza, na hakuna aliyekuwa akiigiza.

Spika bado ipo. Siku hizi imegeuzwa, inaelekea barabarani. Sijui nani aliigeuza.

Niliwaandikia waandaaji nikiwaomba waondoe kile kisa cha ukurasa wa nne. Walinijibu kwa upole kwamba nakala zilishasambazwa. Pesa sikurudisha, zilishaenda kwa mwenye ploti. Kabla ya kuanza makala hii nilikwenda mlango wa nne kuomba ruhusa, safari hii nikauliza kabla ya kuandika. Mama alikuwa akimenya viazi, daftari la maji likiwa juu ya ndoo kando yake.

"Andika uliyoyaona," akasema. "Na uandike bado sijasamehe."

Nikamwambia nitaandika hivyo hivyo. Akafuta mikono kwenye leso, akafungua daftari, akapitisha kidole hadi kwenye mlango wangu, akaniambia sijalipa pesa za maji za mwezi huu.